Uso wa Mama Nyuma ya Mashuka

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, familia imenichagua mimi, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha yake, na imenionya nisome taratibu na nisiongeze chumvi, jambo ambalo mimi fundi bomba nitajitahidi kulitimiza, ingawa mambo mengine ya mama huyu yalikuja na chumvi yake tayari.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya seremala, akiwa mtoto wa nne na binti pekee, na kwa maelezo ya wajomba zetu waliokaa hapa mbele, alianza kuwaamrisha kaka zake kabla hajaweza kutembea vizuri. Aliingia shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza mwaka 1965, akachaguliwa kwenda sekondari, lakini mwaka huohuo bibi yetu aliugua kiuno, ikabidi yeye abaki nyumbani kumuuguza, na jambo hilo hakulilalamikia hata siku moja, ila sisi tuliomwona jioni akifungua madaftari yetu na kuyasoma kimyakimya tulijua kwamba lilimuuma.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akaanza kwa kupanga mashuka machafu, akapanda hadi kwenye mashine, kisha kwenye meza ya kukunjia, na mwaka 1983 akawa kiongozi wa chumba chote na kukabidhiwa ufunguo wake. Mliowahi kufika pale mnakijua chumba kile, dari fupi, mabomba ya mvuke yaliyofungwa vitambaa, sakafu ya vigae vyeupe isiyokauka, na mama akiwa katikati, mnyoofu na mwenye joto, ndiyo maana wenzake walimpa jina la Mama Pasi, na yeye akajifanya halijui. Alikuwa na namna yake ya kukunja mashuka ambayo kila mgeni alifundishwa siku ya kwanza: wawili wanashika pembe za shuka, wanarudi nyuma, wanalikung'uta mara moja mpaka linajaa hewa, na kabla halijashuka wanaendeana na kukabidhiana pembe, kisha wanarudi tena, na katika chumba chake hakuna aliyeruhusiwa kusimama akitazama.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye alikuwa akileta mashuka ya garini kufuliwa hata yale ambayo hayajatumika, mpaka mama akamwambia aseme anachotaka au apunguze kazi za watu. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1973, mdogo wangu wa kike mwaka 1975, na kitinda mimba wetu, ambaye ni muuguzi, mwaka 1980. Baba alifariki tarehe 6 Novemba 1986, na tangu siku hiyo mshahara wa chumba cha kufulia ndio uliotulisha.

Sasa nifike kwa huyo mdogo wangu wa kike, wa mwaka 1975, ambaye ninyi na nchi nyingi nisizozijua mnamfahamu kwa jina alilopewa na majirani akiwa mtoto, Kengele. Mwaka 1992 aliacha shule akaimbe na bendi, na mama, ambaye yeye mwenyewe alinyimwa shule na maradhi ya mzazi, alikasirika hasira ambayo sikuwa nimeiona, akasema sauti hiyo haitasikika ndani ya nyumba yake mpaka mwenyewe arudi darasani, Kengele akafunga nguo zake akahamia kwa shangazi, na kwa miaka miwili wakawa ni watu wa kuamkiana tu. Redio ikimtaja, mama aliizima. Kengele naye akatunga wimbo wa mtu aliyesimama nje akiomba kufunguliwa mlango, watu wote wakadhani anamlilia mvulana, lakini mimi na shangazi tulijua mlango ule ulikuwa wa rangi gani.

Kampuni ya muziki ikampa sharti, kwamba asipoleta video ya wimbo huo kabla mwezi haujaisha, nafasi yake atapewa mwingine, na ukumbi aliokuwa ameahidiwa ukamponyoka dakika za mwisho. Siku ya Ijumaa alikwenda kazini kwa mama, akasimama mlangoni bila kuingia, hakumwita mama, alimwita kiongozi, akaomba chumba kwa siku ya Jumapili, wakati mashine zimepumzika. Mama akamuuliza nani atapangusa sakafu, akajibiwa, akauliza kama mashuka ya wagonjwa yataguswa, akajibiwa hapana, kisha akasema waje asubuhi na wavae viatu vya kufunika vidole. Kwa nini alikubali, huku akijua hakuwa na ruhusa ya kumfungulia mtu, nilimuuliza mara nyingi, na kila mara aliniambia niende nikaangalie mabomba yangu.

Jumapili hiyo, tarehe 21 Agosti 1994, nilikuwepo, nimeshikishwa taa. Mpiga picha alikuwa mtu wa harusi, hajawahi kupiga video ya muziki, na wacheza dansi walikuja wamevaa nguo za kumetameta, mama akawatazama juu mpaka chini, akawagawia aproni, akawapa mashuka yaliyostaafu, akawaambia humu anayeingia anafanya kazi. Akawafundisha kukunja, wenzake wa zamu waliokuja naye wakajiunga, na huo ndio ukawa mchezo, ule ambao leo unachezwa kwenye sherehe na viwanja vya shule na watu ambao hawajawahi kukunja hata leso. Kaseti ilipowashwa wimbo ulikwenda mbio, mmoja wa akina mama wa meza ya kukunjia akasema wimbo huu umekunywa kahawa, tukacheka, na Kengele, aliyeona sauti iko juu kuliko alivyoizoea, akadhani ni woga wake tu, akaufukuza hivyohivyo mpaka mwisho. Mama alikataa kutoka, alisema hawezi kuwaachia wageni boila la mvuke, akabaki nyuma kabisa akikunja, amenuna kama mwenye nyumba anayesubiri wapangaji wahame.

Jumatatu mkuu wa utawala alishapata habari, akachukua ufunguo, mama akavuliwa uongozi na kupelekwa ghalani kushona mashuka yaliyochanika. Siku hiyohiyo mpiga picha akagundua kwamba kaseti ilikuwa imenakiliwa kwenye mashine iliyochoka, inayozunguka pole, kwa hiyo kwenye mashine iliyo nzima, tuliyoitumia Jumapili, ilikimbia, na sasa midomo ya Kengele katika picha ilikuwa inautangulia wimbo wake halisi. Kurudia haikuwezekana. Kengele alikuja kwangu akakaa jikoni akalia, si kwa ajili ya wimbo, alilia kwamba amemponza mama bure.

Ndipo mpiga picha, kwa kukosa la kufanya, akaipunguza mwendo picha mpaka midomo ikakutana na wimbo, akatuita, na mimi ambaye si mtu wa kushangaa ovyo nasema mbele yenu kwamba nywele zilinisimama. Mashuka yalipanda na hayakushuka, yalikaa hewani, wanawake wale niliowajua wote kwa majina wakawa wanaendeana kama watu walio chini ya maji, na mvuke ukawa unawapisha. Na kule nyuma alikuwepo mama. Kengele anapofika pale juu, pale ambapo wimbo unaomba mlango ufunguliwe, mama anainua macho, paji la uso linalegea, mikono inalisahau shuka, mdomo unafunguka, na anamtazama mwanawe kwa upendo na fahari ambayo haina haja ya kutafsiriwa. Siku yenyewe jambo hilo lilipita kufumba na kufumbua, mimi niliyekuwa nimeshika taa sikuliona, na mama alijua hatutaliona. Kengele aliomba lirudiwe, likarudiwa, akaomba tena, mpaka mpiga picha akasema mashine yake inapata moto.

Video hiyo ilizunguka dunia. Wapo waliotumia mitambo mikubwa kutafuta mwendo ule na hawakuupata, wapo waliovuka mipaka kuja kuchungulia dirisha la chumba cha kufulia, na mama akawafukuza akisema hapa ni kazini, na mpaka leo vijana wanaosomea kamera wanasimamishwa mbele ya uso ule na kuulizwa mwigizaji huyu alielekezwaje. Mama mwenyewe aliiona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya jirani, sebule nzima ikageuka kumtazama, akasema alikuwa anataka kupiga chafya, akatoka nje. Jioni hiyo akanituma kwa shangazi nikamwambie mdogo wangu kwamba chakula kikipoa hakipashwi tena, na Kengele akarudi nyumbani. Mwaka 1995, baada ya wenzake wote kwenda pamoja kwa mkuu wa utawala, mama alirudishiwa ufunguo, akaongoza mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Mwezi Septemba 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena Aprili mwaka huu wa 2023 na kulazwa, na hata kitandani alilikagua kila shuka alilotandikiwa. Katika siku zake za mwisho alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa kinywa chake alimwambia Kengele amwimbie. Kengele aliimba kwa sauti ndogo, bila chombo chochote, na mama alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuuficha uso, kisha akasema kwamba miaka yote ile alikuwa anasikia, redio aliizima tukiwepo sisi tu, tukitoka aliiwasha. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei, sote watatu tukiwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa moyo, majirani mliolala nasi na kutupikia, na ninyi wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia, mliomkunjia leo shuka lake kwa namna aliyowafundisha. Wengi mmeniuliza tangu asubuhi kwa nini Kengele haimbi, na wengine mmeanza kunong'ona, basi nawapa jibu alilonipa mwenyewe, kwamba watu wote waliompigia makofi anawashukuru, lakini tangu aanze kuimba alikuwa anamwimbia mtu mmoja, na mtu huyo amesikia.

Mama, pumzika kwa amani.