Mwalimu Onema na Mwezi wa Kwetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya chaki, Mwalimu Onema anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Juni 1984. Alianza kazi Tunda, akaletwa Kindu mwaka 1962, na tangu hapo kila darasa la sita la shule yetu limefundishwa naye kutazama mwezi. Kila jioni mtoto alitoka uani na daftari, akauchora kama alivyouona. Asiyeuona aliandika "mawingu". Wazazi walilalamika kwamba wali unapoa. Mwalimu hakujali hata kidogo.

Tuseme kweli: kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikosea. Ubaoni alinakili mwezi mchanga wa kitabu cha Ulaya, umesimama wima, na michoro ya watoto iliyolala aliidhani ni uzembe wa mikono tu. Mwaka 1973 Zawadi, ambaye baba yake ndiye aliyetangaza mwezi wa Ramadhani msikitini, alinyoosha mkono: "Mwalimu, ule mwezi njo ya wapi? Ya kwetu inalalaka." Darasa zima tulicheka. Mwalimu hakucheka. Mwezi ulipoandama alitoka uani kwake kuhakikisha, na kesho yake akaufuta ule wa ubaoni, akatuambia alikuwa amekosea. Mwalimu kukiri kosa mbele ya watoto! Hatukuwahi kuona jambo kama hilo.

Mwisho wa mwaka ule mkaguzi alikuja na mtihani: choreni mwezi mchanga. Zawadi na wenzake saba waliuchora umelala, wakapewa sifuri, na sifuri hiyo iliwafungia mlango wa sekondari. Mwalimu alikataa kutia sahihi matokeo, akijua kwamba angeweza kufukuzwa kazi. Alimwomba mkaguzi angoje siku mbili tu, mwezi uandame. "Miye niko na treni," alijibiwa.

Bahati nzuri, treni yenyewe tunaijua. Ilichelewa siku tatu.

Jioni ya siku ya pili Mwalimu aliwapeleka watoto wale wanane stesheni, ambako mkaguzi alikuwa ameketi juu ya sanduku lake. Jua lilipozama, mwezi ukaonekana juu ya paa, umelala kama bakuli. Mkaguzi, ndani ya abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Mwezi haukusimama. Akaomba kalamu. Wote wanane walifaulu, na Zawadi leo ni muuguzi kule Kailo.

Mimi ninayeandika haya nilikuwa darasani humo. Nilijua mwezi wetu unalala, lakini nilijua pia mkaguzi anataka nini. Niliuchora umesimama, nikapata alama zote. Mwalimu hakunikemea. Alinirudishia daftari langu, akaniambia nitazame tena. Niliona haya, na bado naona haya.

Asante, Mama Onema. Wenzako wote tunakuombea afya, mapumziko marefu na jioni zisizo na mawingu. Kesho mwezi unaandama. Darasa la sita, ambalo umeniachia mimi, litakuwa uani na madaftari. Nami nitakuwa na langu, na nitauchora kama ninavyouona.

Tambwe, mwalimu