Linet Kadzo Chengo, Jaji Aliyeyasoma Hadharani Aliyoambiwa Faraghani

Tumekusanyika hapa Ganda leo, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, kumsindikiza dada yetu, mama yetu na bibi yetu, Jaji mstaafu Linet Kadzo Chengo. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na Masha, mdogo wake anayemfuata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Jilore, mtoto wa tatu wa Mzee Chengo Masha na Mama Zipporah Kadii, wote wawili sasa ni marehemu. Baba alilima mahindi na korosho, na Jumapili alikuwa msomaji kanisani. Mama alikuwa mkunga, na mara nyingi alimwachia Kadzo nyumba na wadogo zake tangu akiwa na miaka minane. Sisi tuliolelewa na mikono ile tunakumbuka kwamba hakuwa mpole sana, lakini hakupendelea mtu.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya Jilore mwaka 1965, kisha akaendelea na sekondari huko Taita. Mwaka 1978 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1981. Siku aliyoondoka kwenda chuoni Baba alimpa koti lake la kanisani, kwa kuwa alikuwa amesikia Nairobi ni baridi. Lilikuwa kubwa mno, naye alilivaa miaka yote mitatu.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuwa hakimu, akaanzia Lamu. Huko ndiko alikokutana na Kazungu Mwaro wa Ganda, aliyekuwa afisa wa kilimo. Kazungu alipomposa mara ya kwanza, alimkatalia. Wiki iliyofuata alirudi akasimama mlangoni pa ofisi yake akasema, “Mheshimiwa, nimekuja kukata rufaa.” Marehemu alituambia kwamba alicheka mpaka karani akaja kuchungulia. Walifunga ndoa katika kanisa la Ganda tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu: Mwaro, Damaris na Pola. Shemeji yetu Kazungu alitangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Baada ya Lamu alihudumu Kilifi na Kakamega, na mwaka 2006 aliapishwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Kesi aliyojulikana nayo zaidi ilimjia baada ya uchaguzi wa 2013, akiwa Mombasa. Bwana Rashad Stambuli, mfanyabiashara wa Malindi, alikuwa amegombea kiti cha ubunge cha hapa Pwani akatangazwa kushindwa, naye akaenda mahakamani kupinga matokeo. Aliyetangazwa mshindi alikuwa wa upande wa serikali.

Jumapili ya tarehe 21 Julai, kesi ikiwa katikati, alikuja mgeni hapa nyumbani. Hatutamtaja jina. Alikunywa chai, akasifu mikorosho ya shemeji, kisha akasema, “Mheshimiwa, kule Mahakama ya Juu kiti kitakuwa wazi si muda mrefu. Wakubwa wanakutaja. Wangependa tu kuona kesi hii inaisha vizuri.”

Dada alisimama, akaleta daftari na kalamu, akamwambia, “Rudia maneno yako polepole, niyaandike.”

Mgeni hakurudia. Aliaga akaenda zake, naye dada akayaandika mwenyewe kama alivyoyasikia. Kesho yake asubuhi, mbele ya mawakili wa pande zote mbili na watu waliojaa mahakamani, marehemu alisoma neno kwa neno yale aliyoambiwa, akauliza kama kuna anayetaka ajiondoe. Hakuna aliyetaka. Akaendelea.

Tarehe 6 Septemba 2013 alitoa hukumu. Masanduku yalikuwa yamefunguliwa na kura kuhesabiwa upya, na Bwana Rashad alikuwa nyuma kwa kura mia nne na kumi na mbili. Marehemu aliitupa kesi yake. Yaani aliamua kama vile mgeni wa Jumapili alivyotaka, kwa kuwa ushahidi ndio uliosema hivyo. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye. Lakini sokoni Malindi watu walisema Jaji amenunuliwa, na baadhi yetu tuliacha kupita njia fulani ili tusisikie.

Kiti kile cha Mahakama ya Juu kilipotangazwa, wenzake walimsihi aombe. Tulikuwa tumekaa barazani, mimi nikiwa mmoja wa waliomsihi.

“Masha,” aliniambia, “nikikikalia kiti kile sasa, Rashad ataamini nini kuhusu hukumu yake?”

“Lakini dada, wewe wajua ulihukumu haki.”

“Mimi najua. Yeye hajui.”

Hakuomba. Ilimuuma, na hakuficha. Alikuwa na hamu ya kazi ile tangu Katiba mpya ilipoiunda mahakama ile.

Mwaka 2022 serikali ilibadilika. Nafasi nyingine ilipotokea mwaka 2023, akiwa na miaka sitini na mitano, alisema miaka kumi imetosha, akapeleka maombi. Siku hizo nilimuuliza wale wa tume wanaowapendekeza majaji wametoka wapi, maana mimi sikumbuki kuwachagua.

“Uliwachagua siku ile ulipopanga foleni pale shuleni,” alinijibu. “Rais mnayempa kura huteua baadhi yao, na wabunge mnaowapa kura huwapitisha. Mawakili nao wana uchaguzi wao, na majaji wana wao. Nyinyi mwaona mnachagua barabara na maji, kumbe mnachagua pia nani atakayekaa pale juu miaka kumi ijayo.”

“Na sasa mambo yako yakoje?”

“Yule wakili wa tume aliyekuwa akiniamini ameshindwa katika uchaguzi wa mawakili. Na walioshika serikali leo ndio wenzake Rashad walioshindwa mbele yangu. Basi nitavaa vizuri niende.”

Tulimtazama kwenye runinga akihojiwa na tume ile, nyumba nzima imejaa. Aliulizwa kuhusu kesi ya 2013 kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, naye alijibu kwa sauti ile ile moja. Kisha mwenyekiti akasema wananchi walialikwa kutoa maoni, na ipo barua ya kumuunga mkono kutoka kwa Rashad Stambuli. Ilikuwa fupi: “Alinihukumu nikashindwa. Lakini siri aliyoambiwa dhidi yangu aliitoa mbele yangu. Mpeni.” Hapo ndipo dada yetu alipoomba maji.

Hakuchaguliwa. Alichaguliwa jaji aliye mdogo kwake, Zakiya, aliyewahi kufanya kazi chini yake. Marehemu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpigia simu kumpa hongera, na walizungumza karibu saa nzima. Alistaafu mwaka 2024, akarudi Ganda.

Februari mwaka huu aligunduliwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Mombasa, na Agosti, baada ya kuzungumza na madaktari na watoto wake, aliomba arudishwe nyumbani. Tunawashukuru wauguzi waliokuwa wakija, na kina mama wa kanisa waliokaa naye kwa zamu. Damaris aliacha kazi yake Nairobi akawa naye mpaka mwisho.

Mwezi Septemba Bwana Rashad alikuja kumjulia hali. Ametupa ruhusa kuyasoma haya. Alikaa kando ya kitanda, akamwambia, “Mama, ungalinipa kile kiti changu, wenzangu wangalikupa chako.”

Marehemu akajibu, “Kura hazikuwa zako, Rashad.”

“Najua. Nilijua hata kabla sijaja mahakamani. Mawakala wangu walikuwa wameniambia.”

Dada akacheka, kicheko kilichomtia kikohozi, akasema, “Miaka kumi na miwili, bwana wewe. Na mimi nilikaa nje ya kile kiti ili wewe uamini.” Wakashikana mikono. Rashad alipoondoka, Damaris alimkuta mama yake ametulia kuliko siku nyingi zilizopita, na mama mwenyewe akaomba uji.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ganda asubuhi ya Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 67.

Ameacha watoto watatu, Mwaro, Damaris na Pola, wakwe wawili, wajukuu watano, ndugu zake Masha na Chengo, na majirani wa Ganda na Jilore aliowaandikia barua za mashamba bila kuchoka. Bwana Rashad ameomba awe miongoni mwa watakaomteremsha kaburini, na familia imekubali.

Mwenyezi Mungu akupokee, dada yetu Kadzo, na akupe pumziko la amani.