Chakula cha Mkono Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na ninyi mliokaa karibu na mlango kwa sababu mmesikia leo nasimama mimi.

Mnanijua. Mimi ni Mama Sifa wa hapa Bungu, niliyehukumiwa kwa kumuua Elia, mtoto wa wifi yangu. Asubuhi alikunywa uji wangu, jioni akafariki. Hakuna aliyeiona sumu, lakini kijiji kizima kiliapa ipo! Nikahukumiwa kunyongwa. Nililia gerezani mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Mungu, kama umenisahau, basi niue wewe mwenyewe.

Rufaa ikasikilizwa. Majaji wakasema hakuna ushahidi kwamba mtoto alilishwa sumu, wakaniachia. Haleluya! Nikadhani nimefunguliwa.

Ndugu zangu, kumbe gereza lilikuwa huku! Wazee waliitikia shikamoo yangu wakitazama pembeni, wakasema serikali haifungi mtu bure. Vijana wa kule mjini Manundu wakasema nimehonga. Mimi, mwenye kanga mbili! Wasomi nao wakasema nimeponea kwenye makosa ya kisheria tu. Lakini ninyi wanawake wenzangu, pamoja na majirani zetu Waislamu, ndio mlioniumiza zaidi. Kila msiba mlinituma kuni, mlinituma maji. Upawa hamkunipa. Mnajua wenyewe mwanamke asiyeruhusiwa kupakua msibani anahesabiwaje hapa kwetu. Nilitamani kurudi gerezani, maana kule walikula nilichopika.

Kisha mama mkwe akafariki. Chakula kilipoiva, wifi yangu, mama yake Elia, aliinuka mkekani, akauchukua upawa kwa wenzake, akanikabidhi.

"Mama Sifa, nipakulie."

Nikapakua, wali mwingine ukamwagika. Alikula pale pale, machozi yakidondokea sahanini, watu wote wakimtazama kama ataanguka. Akamaliza. Akasema, "Kilichomuua mwanangu sikijui. Wewe najua si wewe."

Siku ile ndipo Bwana aliponitoa gerezani! Namshukuru, ingawa wengine wote siku hiyo walingoja mwingine awapakulie.

Sikuja kuwaomba pole. Nyuma ya kanisa kuna sufuria la makande, nimepika mwenyewe tangu alfajiri. Wifi yangu ameshika sahani yake. Ibada ikiisha, anayemwamini Mungu aliyenitoa asikimbilie nyumbani. Aje nimpakulie.