Wa Kuanguka Kimya

Basi la asubuhi kwenda Newhall, penye ranchi za kupigia filamu, lilijaa, na Verna, mshonaji wa mavazi ya filamu, akawa anawasikia waliokaa mbele yake hata asipotaka. Kijana mwenye kofia pana alikuwa amejishika mbavu. Mama mmoja wa makamo, asiyemjua kijana huyo hata jina, alimkazia macho.

"Umevunjika wewe."

"Nimeteguka tu, mama. Leo nampanda farasi mkali kwa niaba ya nyota wa filamu yetu. Yule anaogopa hata punda!"

"Ukianguka je?"

"Nitaanguka kimya. Filamu siku hizi zinanasa sauti. Nikilia, watu watajua si yeye."

"Mume wangu pia alianguka kimya, kwenye mashindano ya farasi. Hakusema tena."

Kijana alicheka, akacheka peke yake. Verna alijisikia vibaya: ndiye aliyeshona mashati mawili yanayofanana, moja la nyota, jingine la wa kuanguka.

Basi likasimama penye lango la ranchi. Kijana akajaribu kuinuka, uso ukamsawijika. Yule mama akamshika mkono.

"Kaa, mwanangu."

"Niache, mama. Wananisubiri."

"Kuna anayeshuka?" dereva aliuliza.

Kijana akajiegemeza tena kitini. Verna naye, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye ranchi hiyo hiyo, hakuinuka.