Bi Matundu Aliyeyashinda Maji Mekundu

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mtafiti mkuu wa maabara yetu ya kemia atalivua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na mmoja. Ofisini ana jina refu lenye vyeo. Sisi tunamwita Bi Matundu, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo amelitolea jasho. Maisha yake yote ya kazi ametengeneza unga wa silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, ila wake una matundu madogo yasiyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Huichanganya silika na kemikali za jamii ya sabuni. Sabuni hujikusanya vifungu vifungu, silika ikaganda kuizunguka kama kwenye kalibu. Vikiingia tanurini, sabuni huungua na matundu hubaki. Uchafu wa maji ukipita humo hunata kwenye kuta zake.

Wengi tulidhani ni mchezo wa wasomi. Kwake halikuwa jambo la mchezo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kikimwaga maji ya rangi mtoni, na mama mkwe wake alikaa mtaa wa bondeni. Shuka zake nyeupe zilitoka kwenye beseni zikiwa za rangi ya waridi.

"Mkwe wangu," alimuuliza siku moja, "hiyo elimu yako haina hata kipande cha sabuni?"

Neno hilo likamwingia. Lakini unga wa kwanza ulinasa rangi kiduchu, na mkurugenzi wa wakati ule akatangaza kwamba mradi utafungwa. Bi Matundu aliomba muda kidogo. Akayapima tena matundu kwa kuyajaza gesi, akakuta nafasi ni tele ndani ya unga. Chembe za rangi ndizo zilizoshindwa kupenya.

"Mlango mwembamba, mgeni mnene!" alitutangazia, akacheka peke yake.

Akachagua sabuni yenye mkia mrefu zaidi, matundu yakapanuka. Yakabomoka tanurini. Akapunguza kasi ya moto, akaweka kiti mbele ya tanuri, akamfukuza kila aliyekuja kupasha chakula, mimi nikiwemo. Safari hii kuta zilisimama.

Siku ya majaribio chumba kilijaa: mkurugenzi, mwenye kiwanda, majirani wa bondeni. Bi Matundu alimimina maji mekundu kwenye bomba la kioo lililoshindiliwa unga. Tukakodoa macho. Tone la kwanza likatoka jeupe, la pili jeupe, na mama mkwe akapiga kigelegele kilichotikisa chupa rafuni. Mwenye kiwanda aliinyanyua glasi dirishani, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza mtambo wa kusafisha maji hivyo utawekwa lini kiwandani kwake. Mkurugenzi alimshika Bi Matundu mkono mbele yetu sote: "Nilikukatia tamaa mapema. Hongera."

Mtambo huo unafanya kazi mpaka leo. Unga ukishiba rangi huoshwa kwa spiriti na kurudishwa kazini, na mto unapita bondeni ukiwa na rangi ya maji.

Bi Matundu, ahsante kwa ukali wako, kwa kicheko chako, na kwa vijana uliowafundisha kutoogopa jibu baya. Unasema sasa utajifunza kuogelea. Tunakuombea afya, furaha ya wajukuu na asubuhi zisizo na kengele. Nenda kifua mbele, dada yetu; umeshinda.