Mapigo Mia Moja Arobaini

Sijawahi kusikiliza mazungumzo ya watu kwenye basi. Huwa ninasogea karibu tu, wasije wakachoka kupaza sauti. Asubuhi ile mbele yangu alikaa nesi wa wodi ya wazazi akienda kazini, na kando yake mama mmoja mwenye kadi ya kliniki. Mkwewe mjamzito alikaa nami, mkono juu ya tumbo, kama anayesubiri mtu wa ndani abishe hodi.

"Nesi, mwandiko huu wako?"

"Wangu, mama, wa jana. Mtoto ametanguliza kichwa, mgongo wake uko kushoto. Basi moyo unausikia hukohuko, chini ya kitovu. Mapigo mia moja arobaini."

"Uliyasikia mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu. Kama saa iliyofichwa chini ya mto."

"Maana mkwe wangu anasema tangu juzi mtoto hachezi."

"Watoto nao hulala, mama."

Tumbo la jirani yangu halikutikisika; nami, niliyezaa saba na kuwasema wote, nikalisogelea zaidi.

"Ulipompima, mkwe wangu alilala kitanda kipi?"

"Cha dirishani. Chali, magoti ameyakunja."

Mama akaifunga kadi taratibu. "Jana hakuweza kuinuka nyumbani. Nilikuja peke yangu kuomba ushauri, nikaiacha kadi mezani kwako. Niliporudi nikaikuta imejazwa."

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Nesi hakuinuka.

"Dada," mjamzito akauliza polepole, "ulisikia moyo wa nani?"