Wiki Tatu Bila Kuvuta

"Mara ya mwisho ulivuta lini?" dada aliyeketi mbele yangu kwenye basi alimuuliza mfanyakazi mwenzake. "Nina wiki tatu sijavuta," jamaa akajibu kwa maringo, nami nikampongeza kimoyomoyo kwa kuacha sigara. Kumbe ni waandishi wa programu, na anachotakiwa kuvuta kila asubuhi ni marekebisho ya wenzake, yaingie kwenye kompyuta yake.

"Nikivuta mtanivurugia kazi," jamaa akang'aka. "Wiki nzima nahangaika na ukurasa wa usajili." Dada akamgeukia. "Ukurasa gani? Si tuliufuta wiki mbili zilizopita!" Jamaa akatumbua macho. "Na hamkuniambia?" "Ungevuta ungejua, mdogo wangu."

Basi liliposimama, jamaa alishuka wa kwanza, akawasha sigara. Angalau sasa amevuta.